"Miri" kwa Kiswahili: shajara ya kipindi cha mwaka 1966 na watazamaji wake

14 Januari 2024, Leicester. Kabla ya kugusa chochote

Naanza kuandika leo ili atakayetaka kufanya kazi kama hii asijikwae nitakapojikwaa mimi. Kazi yenyewe ni hii: nichukue kipindi kimoja cha zamani cha televisheni, nikitafsiri kwa Kiswahili, niwaonyeshe watu wetu, kisha niandike wanachosema. Sitaandika walichopaswa kusema.

Kipindi nilichochagua ni "Miri", cha msimu wa kwanza wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za mbali. Kituo cha televisheni cha NBC kilikirusha huko Marekani Alhamisi ya 27 Oktoba 1966. Aliyekiandika ni Adrian Spies, aliyekiongoza ni Vincent McEveety. Kapteni Kirk na wenzake wa chombo cha anga wanashuka kwenye sayari iliyofanana na Dunia kama pacha na pacha, wanakuta mji wa magofu. Miaka 300 nyuma wanasayansi wa huko walitafuta njia ya kuongeza umri wa binadamu, wakaishia kutengeneza virusi. Wakubwa wote wakafa. Watoto wakabaki, na kwao virusi vilifanya kazi nyingine: kila miaka 100 mtoto anakua mwezi mmoja tu. Ila siku mwili unapopevuka, ugonjwa unaamka. Mabaka ya buluu, wazimu, kifo.

Kilichonisukuma ni yaliyotokea hapa Uingereza. BBC walianza kuonyesha Star Trek Julai 1969. Jumatano ya 2 Desemba 1970 wakarusha "Miri", malalamiko yakaja, na kipindi kikawekwa kabatini hadi miaka ya 1990 pamoja na vingine vitatu ambavyo wao hawakuwa wamevirusha hata mara moja. Maelezo ya shirika yalikuwa kwamba vipindi hivyo vinne vinagusa kwa namna isiyopendeza mambo ambayo yenyewe tayari hayapendezi: wazimu, mateso, ukatili na maradhi. Miaka minne na miezi minne baadaye, Aprili 1975, BBC hao hao wakaanza kurusha tamthilia yao wenyewe, Survivors, ambamo tauni inamaliza karibu watu wote duniani. Kwa hiyo siamini kwamba ugonjwa peke yake ndio uliowasumbua watazamaji wa 1970. Nadhani ni watoto.

Mimi nilikulia Bukoba, mkoa wa Kagera, Tanzania. Nilikiona kipindi hiki mara ya kwanza usiku mmoja baada ya zamu, na nilipofika kwenye ile nyumba ambamo Miri, msichana ambaye kipindi kina jina lake, amejificha kabatini akilia, nilisimamisha diski nikakaa gizani. Mji wenye watoto na usio na wazazi haukuwa hadithi ya kubuni kwangu. Nataka kusikia wenzangu watasema nini.

Gharama hadi leo: diski ya mtumba pauni 7, projekta ya mtumba pauni 45. Programu ya kuandikia maandishi ya chini, Subtitle Edit, ni bure. Masharti niliyojiwekea: sitoi nakala ya picha kwa mtu yeyote, sitozi kiingilio, naonyesha nyumbani tu. Kinachogawiwa ni maandishi yangu peke yake.

3 Februari. Rasimu ya kwanza, na kosa la dakika mbili

Mistari 612, wiki tatu, saa mbili kila usiku. Kutafsiri mazungumzo ya kawaida hakuna la kusimulia. Kilichonipotezea siku nne ni muda.

Mistari niliipanga kwa kufuata nakala ya Marekani aliyokuwa nayo rafiki yangu. Nilipoiweka juu ya diski yangu, ambayo ni ya Ulaya, mwanzo ulikaa sawa, lakini kufikia katikati midomo na maneno vilikuwa vimeachana, na mwishoni tofauti ilikuwa karibu dakika mbili. Nilidhani nimefuta mistari kwa bahati mbaya. Nikaanza kuisogeza mmoja mmoja kwa mkono, nikafika mstari wa 200, ndipo nikaelewa. Filamu ya wakati ule ilipigwa picha 24 kwa sekunde, na diski za mfumo wa Ulaya huiendesha kwa picha 25. Kila kitu kinakwenda haraka zaidi kwa kiasi cha asilimia 4. Ukiona kosa linakua kadiri kipindi kinavyosonga, usisogeze mstari hata mmoja. Nenda kwenye sehemu ya kubadilisha kasi ya picha, weka 23.976 (yaani ile 24) kwenda 25, kazi imekwisha kwa sekunde moja. Kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo unasogeza yote kwa pamoja.

Kuhusu maneno: kile kidude cha mawasiliano wanachobeba nimekiita "simu ya upepo". Wazee wote wanaijua, vituo vya polisi na misheni zilikuwa nazo. Ile kelele ya watoto ya kutishia kumpiga mtu kichwani nimeiandika "Konzi! Konzi!", kwa sababu hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua konzi.

Ngumu ni jina ambalo watoto wanawaitia watu wazima. Kwa Kiingereza wanasema "Grups", yaani neno la "watu wazima" lililotafunwa na midomo ya watoto kwa miaka 300. Nimeandika "Makuba". Wao wenyewe nimewaita "Wapeke", kwa kuwa ndio peke yao waliobaki.

24 Februari. Onyesho la kwanza, watu 11

Sebuleni kwangu. Watanzania, Wakenya wawili wa Mombasa, mama mmoja na kaka yake kutoka Bukavu, na mtoto mmoja wa miaka saba ambaye hakuwa amealikwa ila hakukuwa na wa kumwachia. Pilau na vinywaji pauni 31.

Mengi yalikwenda vibaya, nayaandika yote.

"Makuba" lilipotokea mara ya kwanza, mtu akauliza kama ni watu wa Kuba. Kicheko, na kwa dakika kumi hakuna aliyemwogopa mtu yeyote kwenye sinema. Ugonjwa unaoua mji mzima haustahimili kicheko cha namna hiyo mwanzoni.

Maandishi yalikuwa marefu mno. Nilijiwekea kikomo cha herufi 17 kwa sekunde, ambacho ni kasi inayopendekezwa mara nyingi kwa msomaji mtu mzima. Lakini watu wetu wengi wamezoea kusoma Kiingereza kwenye skrini na Kiswahili kwenye karatasi. Maelezo ya Spock, mwanasayansi wa chombo, kuhusu namna virusi vinavyofanya kazi yaliwapita wote.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa karatasi ya maswali. Nilichapisha nakala 15 kwa pauni 4: maswali kumi, kila moja utoe alama 1 hadi 5. Je, kipindi kilikugusa? Je, uliogopa? Karatasi zote 11 zilirudi zikiwa na tano tupu, pamoja na ya mtu aliyelala tangu robo ya kwanza. Walikuwa wamekula kwangu, hawawezi kuniandikia mbili. Adabu hiyo nilipaswa kuijua, ndiyo niliyolelewa nayo. Usigawe karatasi ya alama kwa wageni wako.

Jambo moja zuri lilitoka kwa yule mtoto. Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Anko, yale mabubwa yalikufa yote?" Alikuwa anajaribu kusema "wakubwa", kwa haraka na kwa hofu. Mama wa Bukavu akasema kwao ni "bakubwa", hivyo mtoto hayuko mbali. Tangu usiku huo Grups ni "Mabubwa". Lina utoto ndani yake, na lina kitu kikubwa kinachokuja gizani.

2 Machi. Marekebisho

Mistari 612 imekuwa 540. Nimekata hasa maneno ambayo picha yenyewe inayasema. Kikomo sasa ni herufi 13 kwa sekunde.

Nimegundua pia kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Vipindi vya wakati ule vilijengwa kwa vipande: utangulizi mfupi, kisha vipande vinne, na kila kipande kinaishia pabaya ili mtazamaji asiondoke wakati wa matangazo. Yaani mtazamaji wa 1966 alipewa nafasi ya kugeuka na kumwambia aliyekaa naye, "Unaona?" Diski imeziba nafasi hizo. Onyesho lijalo nitasimamisha kila mwisho wa kipande, dakika tano, swali moja tu: ungekuwa wewe hapo ungefanya nini? Sauti nitazirekodi kwa simu, kwa ruhusa ya kila mtu.

16 Machi. Onyesho la pili Leicester, watu 9

Tofauti ni kubwa mno. Rekodi ni ya dakika 70, ndefu kuliko kipindi chenyewe. Chakula pauni 26.

Mapumziko ya kwanza wote walizungumzia korona. Muuguzi mmoja, Mtanzania aliyefanya kazi wodini mwaka 2020, alisema kilichomchoma ni Kirk na wenzake kutoweza kurudi chomboni wakishajua wameambukizwa: chombo kipo juu, wanaongea nacho, lakini hawawezi kupanda. Alisema, "Mimi nilimwona mwanangu kupitia dirisha la jikoni wiki sita." Huyohuyo alinirekebisha. Ile dawa anayoitafuta Dokta McCoy, Kiingereza chao kinaiita chanjo, nami nikaandika "chanjo". Akasema chanjo hupewa mtu asiye mgonjwa, huyu anatafuta tiba, na watu wetu wamechanganywa vya kutosha kuhusu chanjo, usiwaongezee. Ni kweli. Nimebadilisha kuwa "dawa" kila mahali.

Mapumziko ya pili yalikuwa ya Kirk na Miri. Hapa wanawake walikuwa wakali na wanaume walinyamaza. Miri ni msichana anayeanza kupevuka, anampenda Kapteni kwa mapenzi ya kitoto, naye Kirk anamshika mabega, anamsifu uzuri, anayatumia mapenzi hayo ili apate msaada wake. Dada wa Mombasa alisema, "Mtoto huyu hana mama wa kumwambia huyo mwanamume si wako." Niliwaeleza kwamba mwigizaji, Kim Darby, alikuwa na miaka 19. Haikusaidia, na naona wana haki: walikuwa wanamwangalia Miri. Kwa upande wa Jahn, kiongozi wa watoto, mambo yalikuwa kinyume. Michael J. Pollard alikuwa na miaka 27, na hakuna aliyekubali hata kwa dakika moja kwamba ni mtoto. Waliowasadiki ni wale wadogo halisi, ambao baadhi yao walikuwa watoto wa waigizaji wenyewe: Grace Lee Whitney alileta wanawe wawili, na William Shatner bintiye.

Mstari ambao niliuhangaikia sana ni wa Janice Rand, msaidizi wa Kapteni, anayeigizwa na huyo Whitney. Amejaa mabaka, anamwambia Kapteni kwamba chomboni alikuwa akijaribu kumfanya aitazame miguu yake, sasa aitazame. Niliandika tu, "Kapteni, hebu itazame miguu yangu." Walianza kucheka, wakaona uso wake, kicheko kikakatika njiani. Nisingebadilisha neno.

Neno nililobadilisha ni "kuvunja ungo". Nilidhani nimepata Kiswahili safi cha yale yanayompata Miri. Dada wa Mombasa aliniambia kwa upole kwamba hilo si neno la kuandikwa ukutani mbele ya wanaume na watoto. Sasa ni "kupevuka", linalofaa kwa wavulana na wasichana, na shangazi hawezi kulionea haya.

Swali nililobaki nalo usiku ule: kwa nini Marekani kipindi kilipita bila kufungiwa, na kilirushwa usiku wa familia, siku nne kabla ya Halloween? Ninavyofikiri mimi, wazazi wa 1966 walikuwa na ugonjwa wao akilini. Mwaka 1952 Marekani ilipata wagonjwa zaidi ya 57,000 wa polio, wengi wao watoto, na tangazo kwamba chanjo ya Jonas Salk inafanya kazi lilitoka 12 Aprili 1955. Waliwahi kuogopa virusi vinavyochukua watoto na kuwaacha wazazi. "Miri" ni hofu hiyo imepinduliwa, na imewekwa mbali, kwenye sayari nyingine. Kwa mtu wa Kagera haijapinduliwa. Ndivyo ilivyokuwa.

29 Juni, Bukoba. Onyesho la tatu, watu 22

Nimekuja likizo, nauli siihesabu. Sebule ya Shangazi, mtaa wa Rwamishenye. Spika na maiki za kukodi Sh 30,000, viti Sh 7,500, chai, maandazi na kahawa ya kutafuna Sh 20,000.

Kosa la kwanza nililiona kabla hatujaanza: nusu ya waliokuja ni wazee, na miwani imebaki nyumbani. Maandishi ya chini hayana maana kwao. Nikashika maiki nikasoma kila mstari kwa sauti, kama wanavyofanya watafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video. Ilikuwa bora kuliko maandishi. Unaweza kungoja, unaweza kurudia, unaweza kumjibu mtu. Mtu yeyote anayeiga kazi hii na ana wazee, aanze na sauti.

Umeme ulikatika dakika ya 12, tukakaa gizani dakika 50. Nililaumu bahati, lakini gizani ndipo watu walipoanza kuzungumza. Neno "virusi" lilikuwa limeshatajwa. Leicester neno hilo lilimaanisha korona. Hapa lilimaanisha kitu kimoja tu. Wagonjwa 3 wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Kabla ya jina hilo watu wa hapa waliuita "Juliana", kwa jina la shati lililokuwa likija kwa magendo kutoka Uganda. Gizani mzee mmoja alitaja nyumba za mtaa wake moja baada ya nyingine, na kila nyumba alisema walibaki watoto wangapi.

Umeme ukarudi, na hapo nikafanya kosa lililo kubwa kuliko yote ya mradi huu. Mabaki ya maabara yanaonyesha jina la kazi waliyokuwa wakifanya wale wanasayansi. Mimi nilikuwa nimelitafsiri, na sasa nikalisoma kwa sauti kubwa kwenye maiki: "Mradi wa Kurefusha Maisha."

Sebule ilinyamaza. Mama mmoja akasimama. "Kwa hiyo dawa ndizo zilizowaua?"

Dawa za ukimwi, zile zinazotolewa bure tangu 2004, watu waliziita kwa miaka mingi "dawa za kurefusha maisha". Leicester hakuna aliyeligusa neno hilo. Hapa nilikuwa nimetangaza, mbele ya watu ambao baadhi yao wanazimeza kila siku, kwamba kurefusha maisha ndiko kulikozaa ugonjwa. Nilisimamisha kipindi. Nilieleza kwamba ni hadithi, kwamba neno ni langu, kwamba wale walikuwa watu wazima wasio wagonjwa waliotaka kutozeeka. Walinisikiliza kwa heshima, ila niliona wawili watatu wanaangaliana. Hatukumaliza kipindi usiku ule, na sikutaka kumaliza.

30 Juni. Kuzunguka

Shangazi aliniamsha saa kumi na mbili. "Baba, neno ulilolimwaga jana utalizoa leo." Tulipita nyumba kwa nyumba, nyumba 14, tukimaliza saa tisa alasiri. Yeye alianza kila mahali kwa salamu na habari za migomba, ndipo mimi nikaeleza. Kwenye nyumba mbili walikuwa wameanza kuongea habari hiyo. Mama aliyeuliza swali alinikaribisha ndani, akafungua droo, akanionyesha kopo lake. Alisema amezimeza tangu 2006 na hajawahi kufikiria kuacha kwa sababu ya sinema, ila aliuliza kwa ajili ya vijana waliokuwa wamekaa nyuma. Nilimshukuru kwa kusimama. Asingeuliza, ningerudi Uingereza bila kujua.

Mstari sasa ni "Mradi wa Kuchelewesha Uzee". "Virusi" nimeliacha lilivyo. Nimelifikiria sana: neno hilo linawarudisha kwenye yaliyowapata, na hicho ndicho kipindi kinachozungumzia. Lile jingine liliwapeleka kwenye uongo. Atakayetafsiri hadithi yoyote ya ugonjwa, ampe maneno yake kwanza mtu mmoja anayekunywa dawa na mtu mmoja anayezitoa, kabla ya kuyasoma mbele ya watu.

6 Julai. Onyesho la nne, watu 26

Tulianza upya kutoka mwanzo. Spika Sh 30,000, viti Sh 7,500, petroli lita 5 kwa jenereta ya jirani Sh 16,000 (haikuhitajika), chai Sh 22,000. Walirudi karibu wote na wakaja wengine.

Mwanzoni mwa kipande cha kwanza Dokta McCoy anaokota baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, imevunjika. Mtu mwenye uso ulioharibika anatoka kwenye magofu, anamrukia, anapigwa, kisha anakaa chini analia kwamba ni yake, imevunjika, itengenezwe. Anakufa palepale. Kumbe ni mtoto aliyepevuka. Leicester walisema inatisha. Hapa alikuwapo fundi baiskeli wa mtaani, mtu wa miaka kama 45, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ekseli haijapinda, ingetengenezeka. Alilisema kwa sauti ya kazi. Kisha mapumziko ya kwanza alisema mengine. Mwaka 1991 alibaki na wadogo zake watatu, yeye akiwa darasa la sita. Baba yao aliacha baiskeli yenye tairi lililopasuka, ikakaa ukutani miezi minane. Watu wazima waliokuja msibani waliahidi kuitengeneza, kila mmoja. Aliifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na hivyo ndivyo alivyoanza ufundi.

Baada ya hapo sikuuliza swali tena.

Watazamaji wa Leicester waliwakasirikia watoto kwa kuiba simu za upepo. Bila zile simu McCoy hawezi kuwasiliana na kompyuta ya chombo, hawezi kujua kipimo cha dawa, na siku zinakwisha. Watu wa Rwamishenye, isipokuwa wawili, walikuwa upande wa watoto. Sababu waliyoitoa sikuitegemea kabisa: mkubwa mgeni akiingia nyumba ya yatima, kwanza unaficha vitu. Mama mmoja alisema ndugu wa mumewe walifika siku ya tatu ya msiba wakapima kibanja kwa hatua. Mwingine alitaja mabati. Miri kujificha kabatini, watoto kuwaogopa Mabubwa kwa mambo waliyoyafanya "enzi za kabla", yote hayo hayakuhitaji maelezo yoyote ya kisayansi. Shangazi, ambaye alilea saba na wawili tu ni wa tumbo lake, alisema Kapteni angepaswa kuanza kwa kuwapikia.

McCoy alipojichoma ile dawa peke yake, bila kungoja uhakika, palipigwa makofi. Mabaka yalipofifia usoni mwake, mama wa droo ndiye aliyepiga makofi ya mwisho.

Halafu mwisho. Chombo kinaondoka, watoto wanaachwa na timu ya madaktari, na Kirk anasema ameshaomba waletewe walimu na washauri. Leicester mstari huu ulipita kama maji. Hapa ulizua mabishano hadi saa sita usiku. Nani atakaa nao? Walimu wanaondoka saa tisa, usiku je? Yule mzee aliyehesabu nyumba gizani alisema wageni wa kuandika majina walikuja wengi miaka ile, na waliokaa anaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Fundi alisema yeye angemwacha Miri awe mkubwa wa wale watoto, kwa sababu alikuwa hivyo tayari, na angempa vifaa.

21 Julai. Hali ya faili na hesabu

Pauni 113 Uingereza, zikiwemo pauni 4 za karatasi zisizohitajika. Bukoba Sh 133,000. Kama una projekta tayari na huandai pilau, upande wa Uingereza ni chini ya pauni 15.

Rasimu ya tano ina mistari 538. Maneno ya kudumu: Mabubwa, Wapeke, enzi za kabla, simu ya upepo, kupevuka, dawa, Mradi wa Kuchelewesha Uzee. Kuna toleo la pili la kusomwa kwa sauti, lenye alama za mahali pa kungoja. Rekodi za watazamaji zinabaki kwangu na kwa wenyewe, hazitolewi.

Kilichobaki ni kurekodi sauti vizuri, ili Shangazi aweze kuonyesha bila mimi. Tumepanga 10 Agosti, siku tatu kabla sijarudi. Msichana wa kidato cha tatu, jirani, atasoma Miri. Shangazi anasoma maelezo ya chombo. Fundi aliomba asome yule mtu wa baiskeli. Ana maneno machache tu, nimempelekea karatasi jana kibandani kwake.